Gunia la Pumba Lililokaa Mbele

Kwa mwaka mzima na ushei, mwenye heshima kuliko wote ndani ya gari letu alikuwa gunia la pumba. Lilikaa mbele, kushoto kwa dereva, likiwa limefungwa mkanda, halilalamikii redio wala haliombi dirisha lifungwe. Sisi wenye gari tulikaa nyuma, mimi na binti yangu, tukitazama kisogo cha mume wangu na kisogo cha gunia. Watu wa Bariadi walishatuzoea. Tukipita sokoni wanawake wa mboga walinipungia mkono mimi kwanza, halafu wakalipungia gunia.

Chanzo cha yote ni mume wangu, ambaye ni mtu wa karatasi. Anafanya kazi ofisi ya ardhi, na hata dawa ya mbu hawezi kuiwasha kabla hajasoma maandishi ya kwenye boksi mpaka mstari wa mwisho. Gari letu ni la watu saba, lililotumika huko ng'ambo kabla halijapandishwa meli kuja kwetu. Jumapili moja tumetoka Misa, mimi napika, yeye akatoka nje na simu na kitambaa, akafuta namba ya chesisi, akaiingiza kwenye mtandao wa waliolitengeneza. Sijui mtu anatoa wapi wazo la namna hiyo siku ya Jumapili. Alirudi jikoni amekunja uso, akaniambia gari letu linaitwa nyumbani na waliolitengeneza, lina kasoro.

Maelezo yalikuwa hivi. Reli ya kiti cha abiria wa mbele inaweza kuachia, kiti kikateleza ghafla gari likiwa kwenye mwendo. Kishikizo cha mkanda wa kiti hichohicho nacho kinaweza kufunguka chenyewe, hata kama kimelia "ka!" vizuri kabisa wakati wa kufunga. Watabadilisha vyote viwili bure. Kabla havijabadilishwa, mtu yeyote asikalie kiti hicho, na mtu yeyote asikichokonoe. Mume wangu alichapisha tangazo hilo, akalitafsiri kwa mkono upande wa pili, akalitia plastiki, akalining'iniza mbele pale wenzetu wanapotundika rozari.

Wakala wao alikuwa Dar es Salaam. Mume wangu alimpigia kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, na kila mara dada mmoja mwenye sauti nzuri alimjibu kwamba kifaa cha kubadilishia bado, ila jina letu lipo kwenye orodha. Baada ya miezi mitano walikuwa wanajuliana hali za watoto, na kifaa bado. Nilimpelekea gari fundi wetu wa hapa mjini bila kuaga. Akakitikisa kiti, akacheka, akasema, "Mama, hiki nakichomelea dakika kumi tu, hakitoki hapo mpaka Yesu arudi." Mume wangu alipopata habari alikuja gereji na ile plastiki mkononi, akamsomea fundi mstari unaokataza, mbele ya wateja. Tuligombana njia nzima. Mimi nina hasira za haraka, sifichi, lakini kugombana na mtu anayekunyooshea kidole kwenye mstari wa nne ni kazi ngumu.

Gunia liliingiaje? Liliingia kwa sababu kwetu kiti cha mbele hakiachwi kitupu. Ukimpa mtu lifti, akiona mbele hakuna mtu, anakwenda mlango wa mbele. Ukimwambia pita nyuma, anaona umemdharau, na mwezi ujao utasikia kwa watu wengine kwamba tangu mpate gari mmebadilika. Katekista alituelewa vibaya. Shangazi wa jirani alituelewa vibaya zaidi, akashuka, akaenda kwa miguu huku akiongea peke yake. Basi nikaona dawa si kukiacha kiti wazi na kueleza, dawa ni mtu akute kiti kimeshakaliwa. Mimi nina duka la dawa za mifugo na vyakula vyake, pumba hazinipi shida. Nikachagua gunia lililoshiba vizuri, nikalikalisha, nikalifunga mkanda ili isilie kelele ile ya kuudhi ya kwenye dashibodi. Tangu siku hiyo hakuna aliyetulaumu. Watu wanaweza kununa ukimpendelea binadamu mwenzao, lakini mzigo uliotangulia wanauheshimu.

Trafiki mmoja alitusimamisha tukielekea Maswa. Alilitazama gunia, akatutazama sisi nyuma, akaomba leseni.

"Mbona mzigo mmeufunga mkanda na kuukalisha mbele, halafu watu mmewaweka nyuma?"

Mume wangu, badala ya kueleza kwa mdomo kama watu wengine, alimkabidhi ile plastiki. Trafiki akaisoma pande zote mbili, kwenye jua, bila haraka. Alipomaliza akaturudishia, akalipigia gunia saluti, akasema safari njema mzee. Hilo ndilo kosa pekee la barabarani ambalo mume wangu analisimulia kwa furaha.

Nilikuwa nacheka na mimi, mpaka siku ya ng'ombe. Tulikuwa tunarudi mjini jioni, kundi la ng'ombe likakatiza barabara, mume wangu akakanyaga breki. Mkanda wa mbele ukafunguka kwa ulaini, kana kwamba kuna mtu aliyeubonyeza. Kiti kikateleza hadi mwisho wa reli, gunia likaenda kwa uso, likapiga dashibodi na kupasuka. Pumba zilijaa gari zima. Binti yangu alikuwa mweupe hadi kope. Ng'ombe wakapita mmoja mmoja wakitutazama, kisha mume wangu akasema, "Unaona?"

Neno hilo limevunja ndoa nyingi, lakini siku ile nililipokea. Nililitazama lile gunia lililopasuka nikaogopa hasa. Nilifikiria kila mtu niliyewahi kumkalisha pale kabla ya tangazo: mama yangu kabla hajafariki, binti yangu siku alizolia mpaka akapewa mbele. Kesho yake nililifunga gunia la pili mwenyewe, na nikaapa kwamba hapo hatakaa mtu, awe nani.

Mungu hupenda kuwapima wanaoapa. Mdogo wangu wa mwisho, fundi wa simu hapo Nyalikungu, akapata mchumba Mwanhuzi. Kwao binti wakatuita tukajitambulishe. Safari kama hiyo haiongozwi na dada, hata awe na gari. Anaongoza baba.

Baba yetu anakaa Shishiyu na ng'ombe wake, na tangu tangazo lile hatukuwahi kumpakia, jambo ambalo nilishukuru kimyakimya. Ni mtu mfupi, mkavu, mwenye koti moja la heshima na maneno machache. Alipokuwa na nguvu zake alijulikana kwa kitu kimoja: kufunga fahali. Fahali akiwashinda watu, awe wa kuchomwa sindano au wa kuhasiwa, waliitwa wanaume wote, na mwisho aliitwa baba. Alikuja na kamba yake ya ngozi begani, hapigi kelele, na baada ya muda mfupi fahali alikuwa ameegemea nguzo anawaza. Fundo lake lilikuwa na tabia moja: fahali akivuta, linakaza. Hakuna aliyewahi kuliona likiachia. Ukimwambia apumzike sasa, umri umekwenda, anakujibu, "Ng'ombe hazeeki maini."

Tulifika kwake asubuhi, sisi watatu na mdogo wangu, aliyevaa shati jeupe na kunukia marashi mpaka kuku walikuwa wanampisha.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, ng'wanone," akajibu, kama anavyomwita kila mtoto wake. "Mmechelewa."

Alikuwa ameshavaa koti, kofia na viatu, fimbo mkononi. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa mbele, akaufungua, akalikuta gunia.

"Huyu ni nani?"

"Pumba, baba."

"Tunawapelekea wakwe pumba?"

"Hapana. Yeye anakaa hapo tu."

Nikamweleza. Mume wangu alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwetu, lakini kwa adabu ya mkwe hawezi kumwelekeza baba mahali pa kukaa, basi kila neno alilipitishia kwangu. "Mwambie baba kwamba na mkanda pia." "Mwambie baba wamesema wenyewe kwa maandishi." Baba alinisikiliza mimi, huku maneno ya mume wangu akiyasikia vizuri kabisa.

"Kwa hiyo," akasema, "mlinunua ng'ombe mwenye kilema. Aliyewauzia amekiri kilema kwa maandishi. Na ng'ombe bado mnaye."

"Ndiyo, baba."

"Na wanawaambia mngoje."

"Ndiyo."

"Kusoma kwingi," akasema baba, akafunga mlango.

Nikamwomba akae nyuma, mikanda ya huko ni mizima. Akaniuliza kama nataka afike kwa wakwe akitokea nyuma kama mbuzi wa mnadani. Nikajitahidi kukumbuka hoja ya mtu mwenye akili. Nikamwambia, "Hata wakubwa wa serikali, baba, wanakaa nyuma. Umewahi kumwona mkuu wa mkoa amekaa mbele na dereva?"

"Wakubwa wanakaa nyuma kwa sababu njia hawaijui," akanijibu. "Mimi naijua."

Kisha akaketi kwenye kigoda chake, akaweka fimbo mapajani. "Nendeni. Mtanisimulia."

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakutuachia neno lolote kwa siku ambayo asiyesikia ni mkuu mwenyewe. Mdogo wangu alianza kutokwa na jasho kwenye lile shati. Mimi nilifoka, nikasema kwangu hakuna harusi inayozidi uhai wa mtu, nikasema nitakwenda kuwaambia wakwe kwamba baba anaumwa. Baba aliniacha nimalize. Halafu akainuka, akarudi garini, akamwamuru mdogo wangu ashushe gunia. Akakikagua kiti kama anavyokagua ng'ombe wa mtu: akakisukuma ubavuni, akakivuta mgongo, akapitisha mkono chini akapapasa reli. Akaingia ndani ya nyumba, akatoka na kamba ya ngozi.

Alikifunga kiti kwanza, chini kwa chini, kwenye vyuma vya sakafuni. Kisha akakaa, akajizungushia kamba kiunoni na kifuani, akaipitisha nyuma ya egemeo, akaimalizia ubavuni kwake, upande wa dereva, kwa lile fundo lake. Alichukua muda mrefu kuliko nilivyokumbuka. Nilidhani ni kwa sababu ya nafasi ndogo. Alipomaliza akavaa koti juu ya kamba, akafunga vifungo vyote, akaonekana mzee wa heshima tu aliyekaa wima.

Mume wangu aliisoma plastiki yake upya, upande huu na upande ule. Akanisogelea akanong'ona kwa huzuni, "Kamba hawakuitaja."

Nilikubali. Mimi niliyeapa, niliyefoka, nilikubali, kwa sababu mdogo wangu alikuwa ananitazama, na kwa sababu tangu utoto nimeona fundo lile likishinda mafahali. Nilikaa nyuma ya baba, nikakumbatia egemeo la kiti chake kwa mikono miwili, magoti nimeyakandamiza mgongoni mwa kiti. Gunia lilikwenda buti. Mume wangu aliendesha taratibu kiasi kwamba mwenye baiskeli, amepakia mahindi, alitufikia, akamsalimia baba dirishani, akauliza habari za ng'ombe, akajibiwa, akatupita. Kila tulipoingia shimo nilimsikia baba akiguna na kamba ikilia. Nilimuuliza kama yuko salama, akasema njia ameisahau kidogo kwa sababu ya kelele zangu.

Mwanhuzi tulipokewa kwa vigelegele. Wanawake walikuwa wamejipanga uwanjani, wazee wamesimama, viti vimewekwa kivulini. Baba mkubwa wa binti, mtu mnene mwenye sauti ya mnadani, ndiye aliyekuwa msemaji wao. Sisi tukashuka. Baba hakushuka. Niliona bega lake likichezacheza chini ya koti, kidogo kidogo, kisha likatulia.

"Mzee, karibu," akasema msemaji, akamfungulia mlango.

"Nimekaribia," akasema baba. "Mwadila."

"Mwadila, mzee. Karibu ushuke."

"Wabeja sana. Habari za hapa?"

Wakasalimiana. Habari za mvua, za pamba, za mifugo, za waliofariki. Zilipokwisha, baba akaanza upya na habari za mvua. Wanawake waliopiga magoti kumsalimia walianza kutazamana. Mimi nilishaelewa. Fundo lilikuwa limevutwa na kila shimo kutoka Shishiyu hadi Mwanhuzi.

Wazee wa kwao walijitenga pembeni wakanong'onezana. Mdogo wangu alikuwa amegeuka rangi. Kisha msemaji akarudi, akakohoa, akatangaza mbele ya wote, "Tumeelewa. Mila hii hata babu zetu walikuwa nayo, sisi tumeiacha kwa uvivu tu. Baba wa mwoaji hashuki mikono mitupu."

Wakaleta kuku, tetea mweupe, miguu imefungwa, wakampakatisha baba. Vigelegele. Baba akashukuru, akasema wabeja, akamshika yule kuku, akaendelea kukaa.

"Si haba!" akasema msemaji kwa mshangao uliochanganyika na heshima. "Hawa watu wa Shishiyu wanajua thamani yao. Mleteni wa pili."

Mume wangu alikuja mbio kwangu. "Mwambie baba kwenye kibegi cha spana nina kisu." Nikainama dirishani, nikamwambia. Baba, macho yake yakiwa kwa wenyeji, akanijibu kwa midomo iliyofumba nusu, "Mwambie mwenzako, siku ya kufunga ukwe hakuna anayekata kamba." Mpaka leo sijui kama mila hiyo ipo au aliitunga pale pale. Nimeuliza wazee wawili. Mmoja amekubali na mwingine amecheka.

Basi nikazunguka upande wa dereva, nikasema kwa sauti kwamba namtafutia baba miwani, ambayo hana, nikajitosa ndani kwa tumbo. Kitenge changu kipya kilinasa kwenye gia. Kichwa changu kilikuwa ubavuni kwa baba, chini ya koti lake, miguu yangu nje inaning'inia mbele ya wakwe watarajiwa, na tetea mweupe akaona nywele zangu ni kiota, akaanza kuzifanyia kazi. Juu yangu nilisikia baba akimuuliza msemaji kama huku nako wadudu wamesumbua pamba. Nilikuwa nataka kucheka na kupiga mtu kwa wakati mmoja.

Nikalishika fundo. Na vidole vya baba vilikuwa hapo hapo, bado vinajaribu. Havikuwa vimechoka kwa safari, hapana. Vilikuwa vimepinda kwenye viungo, na vilipoishika ncha ya kamba haikukaa, iliteleza kama inashikwa na mtoto mchanga. Nilipoinua macho akanitazama chini, mara moja, halafu akawatazama tena wenyeji.

"Maini yapo, ng'wanone," akaninong'oneza. "Vidole ndivyo vimekwisha."

"Tangu lini, baba?"

"Tangu masika yaliyopita."

Nilikuwa nimekwenda Shishiyu mara ngapi tangu masika yale? Nilipeleka dawa za ng'ombe, nikakagua kwato za ng'ombe, macho ya ng'ombe, matiti ya ng'ombe. Mikono ya baba sikuitazama hata siku moja. Nililia mle chini ya koti, nakiri, kuku akinidonoa.

Nikalivuta fundo kwa nguvu zangu zote. Likakaza.

"Usivute," akasema. "Anayevuta ni fahali. Sukuma kamba irudi ndani."

Yeye mwenyewe akajiegemeza nyuma, akalegeza mwili, akaacha kupigana nalo. Mimi nikaacha kuvuta, nikaisukuma ile ngozi taratibu ndani ya tumbo la fundo, kama alivyoniambia, mara moja, mara mbili. Ikapata nafasi, ikaachia. Miaka yote ile nilikuwa nikiliona fundo likifungwa, na sikuwahi kusubiri nione anavyolifungua.

Baba akashuka wima, kuku mmoja kila mkono. Vigelegele vilivyopigwa havikupigwa hata siku ya harusi yangu. Mimi nilitokea upande wa pili, kitenge kimechanika, nywele zimesimama, nikasema miwani sijaiona. Mazungumzo yalikwenda vizuri. Watu waliokwisha kutoa kuku wawili kabla hata ya kuanza hawakuwa na nguvu ya kubishana.

Wakati wa kuondoka mdogo wangu alilirudisha gunia mbele, kuku wakalazwa juu yake. Baba alipita mlango wa mbele bila kuutazama, akafungua wa nyuma, akaingia. Sote tukasimama kama tumeona jambo.

"Mnashangaa nini?" akauliza. "Mkuu wa mkoa mmewahi kumwona amekaa mbele na dereva?"

Wanaonijua watashuhudia kwamba sijawahi kuacha hoja yangu iibwe mchana kweupe. Siku ile niliiacha. Nikaingia, nikakaa pembeni yake. Baba akauvuta mkanda, akauleta hadi kwenye kishikizo, akajaribu kuuchomeka, ukakataa, akajaribu tena. Kisha akaniachia ule ulimi wa chuma mkononi.

"Funga wewe," akasema. "Fundo hili la kwenu silijui."

Nikafunga. Ukalia "ka!" Akautikisa kuhakikisha, akalala hadi Shishiyu.

Mdogo wangu ameoa. Kwenye sherehe, wazee wa Mwanhuzi walipofika kwetu, yule msemaji mnene alikataa kushuka kwenye gari, akafumba macho, akasubiri. Ilibidi tukimbizane na kuku uwanja mzima ili tumshushe, kwa sababu mila ni mila. Nasikia sasa wanafanya hivyo hata kwenye harusi za majirani zao, na wanasema asili yake ni Shishiyu.

Na kifaa kimekuja. Yule dada mwenye sauti nzuri alipiga mwenyewe, safari hii haikuwa hata Jumatatu. Mume wangu alikwenda na gari hadi Mwanza, alikotumwa fundi wao, wakabadilisha reli na kishikizo, bure kweli, akarudi na karatasi nyingine iliyopigwa mhuri. Alitaka kuitia plastiki. Nilikikalia kile kiti, nikakisukuma na kukivuta, kilikuwa kimesimama imara kama nguzo ya zizi. Nilipaswa kufurahi. Badala yake nilikumbuka vidole vya baba, nikaenda dukani kwangu, nikachagua gunia la pumba, jipya, nikalikalisha mbele na kulifunga mkanda. Mume wangu alitazama, akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu hakuninyooshea mstari wowote.

Jumamosi tulikwenda kumchukua baba, ana siku yake ya kuonwa viungo hospitalini Bariadi. Alitoka na koti lake, akaja mpaka mlango wa mbele, akaufungua. Akalisalimia gunia. Kisha akapitisha mkono, akakishika kiti kwenye egemeo na kukitikisa, kwa nguvu, kama zamani. Hakikusogea hata unywele. Akakitikisa mara ya pili. Hakikusogea. Akanitazama mimi kwa muda, nami nikatazama viatu vyangu.

"Bado kinacheza," akasema baba.

Akafunga mlango, akaja nyuma, akakaa, akainua mikono yake miwili juu kidogo ili nimfunge mkanda.